Jalada la Binti Yetu

Kazi yangu ni ukarani wa stoo ya dagaa huko Kirumba, mahali ambapo kila mkazi wa Mwanza anapaita Mwaloni. Kila gunia linaloshushwa kutoka kwenye boti hupewa namba, uzito wake huandikwa daftarini, na mwenye mzigo huondoka na kipande cha karatasi ambacho akikipoteza atapata shida kubwa kudai mali yake. Nimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na kwa hiyo nilidhani kwamba mtu aliyezoea madaftari na risiti kama mimi asingesumbuliwa na karatasi za kuasili mtoto. Zilinisumbua sana, na kwa muda mrefu nilizichukia. Ninaandika haya kwa ajili ya wale wanaoifikiria njia hiyo na ambao, kama mimi wakati ule, wanaona kwamba serikali inawawekea vizuizi watu wenye nia njema.

Tulifunga ndoa mwaka 2009. Miaka minane ilipita bila mtoto. Tulipimwa katika hospitali ya Bugando, tukatibiwa, tukapimwa tena, na sitasimulia zaidi kuhusu miaka hiyo, kwa sababu sitaki habari za binti yetu zianzie kwenye ugonjwa wangu. Zinaanzia jioni moja mwishoni mwa mwaka 2017, mume wangu, ambaye ni fundi wa injini za boti, aliporudi kutoka kazini, akanawa mafuta mikononi kwa sabuni ya unga, na kabla hajajifuta akasema kwamba kesho yake anataka twende tukaulize ustawi wa jamii.

Mtu wa kwanza tuliyemweleza alikuwa mama mkwe wangu, anayeishi Igoma. Neno lenyewe lilimtatiza. Alisikia "kuasi", akauliza huyo mtoto amemwasi nani, na ilibidi mume wangu amweleze kwa Kisukuma kwamba neno ni kuasili, na kwamba linatokana na asili, yaani kumfanya mtoto awe wa asili yako. Akatikisa kichwa. Katika ukoo wao, alisema, mwanamke ambaye hakujaliwa kuzaa hupewa mtoto wa ndugu yake akamlea, na mtoto huyo hukua akijua kwamba ana mama wawili. Hapakuwa na hakimu wala mhuri. Binti wa wifi yangu alikuwepo, ana miaka mitano, na wifi alikuwa radhi. Kwa nini twende kwa serikali kuomba mtoto tusiyemjua kwao?

Sikuweza kumjibu siku ile. Jibu lilikuwa limekaa naye chumba kimoja, nyumba ileile, kwa miaka ishirini.

Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa safarini kutoka Bukoba kuja Mwanza, wapangaji wawili wa nyumba ya jirani walikuwa ndani yake, mume na mke, na mtoto wao wa kiume wa miaka minne alikuwa amebaki kwa mama mkwe wangu kwa siku chache. Hawakurudi. Ndugu wa mbali alikuja mara moja, akaona mtoto amenenepa na anacheza, akaondoka. Mama mkwe alimlea pamoja na wanawe, akamsomesha, akamchagulia hata jina la ukoo la kuandika shuleni, na kila mwaka tarehe hiyo ilipofika alimpeleka kwenye makaburi ya pamoja ya Igoma akasimame. Mimi nilipoolewa nilimkuta akiwa kijana mkubwa na nilimwita shemeji kama nilivyowaita wengine. Mwaka 2016 baba mkwe alifariki bila wosia. Kikao cha ukoo kilipokaa kugawa viwanja, mjomba mmoja aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anauliza bei ya mahindi, kwamba huyu kijana yumo katika hesabu kwa karatasi gani. Hapakuwa na karatasi. Mama mkwe alizungumza, akalia, na hakusikilizwa. Shemeji alisimama, akawaaga wazee wote kwa heshima, na wiki ile ile akahamia Geita.

Tulipofika katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yetu, afisa aliyetupokea, mama wa makamo, alitusomea masharti kutoka kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Wanandoa waombe kwa pamoja. Na uamuzi wa mwisho hautolewi na ofisi yake wala na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, bali na Mahakama Kuu. Alitutajia pia vitu vya kuleta: cheti cha ndoa, barua ya serikali ya mtaa, majina ya watu wa kutudhamini, taarifa ya daktari kuhusu afya zetu, uthibitisho kwamba hatuna rekodi ya uhalifu, na maelezo ya kipato. Kipato kilinitia hofu, kwa kuwa injini za boti hazina mshahara wa mwezi. Afisa alisema kwamba hatafuti matajiri. Anataka kujua mtoto atakula nini mwezi ambao boti hazikuharibika.

Naomba niseme jambo hapa, kwa sababu linawapata wengi. Kabla hata hatujamaliza kukusanya karatasi hizo, mtu mmoja tuliyefahamiana naye kijuujuu alimfuata mume wangu kazini akamwambia kwamba anamjua binti mjamzito ambaye hataki mtoto, na kwamba kwa fedha fulani tungeweza kumchukua siku ileile anapozaliwa, tukaandikisha kama wetu wa kumzaa, mambo yakaisha. Ninakiri kwamba usiku ule sikulala. Hata hivyo fedha ndiyo iliyotuamulia. Mahakama haimpi mtu mtoto kabla ya kuridhika kwamba hakuna malipo yaliyotolewa wala kupokelewa, na sababu yake ni nyepesi kueleweka ukiwa umekaa stoo: kitu kikishakuwa na bei, kitaibwa. Yule binti pengine alikuwepo na pengine hakuwepo. Tulimwambia afisa kwamba mtu huyo hatumtaki, naye akaandika jina lake.

Afisa alitutembelea nyumbani mara tatu, na mara mbili kati ya hizo hakututaarifu. Nilitarajia aangalie sebule, nami nilikuwa nimeshona vitambaa vipya vya makochi. Aliyapita makochi. Aliinua mfuniko wa pipa la maji akatazama ndani, akauliza tunachemsha au tunaweka dawa. Akasimama kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba, kwa sababu sisi tunaokaa milimani Mabatini tumejenga juu ya mawe, akapima kwa macho umbali wa kuanguka, akasema pale patahitaji uzio. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza kamwe: dagaa hupokelewa alfajiri, mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja, na mume wangu wakati mwingine hulala visiwani kwenye matengenezo, mtoto akiamka saa kumi na mbili atamwona nani? Nilianza kueleza kuhusu dada wa kazi. Akanikatiza kwa upole akasema kwamba mtoto huyo, yeyote atakayekuwa, atakuwa amekwisha kubadilishiwa mikono mingi. Wiki iliyofuata nilimwomba tajiri wangu anihamishie zamu ya mchana, na mshahara ukapungua.

Nilijisikia kudhalilishwa na maswali yale. Wanawake ninaofanya nao kazi wamezaa watoto watano na sita bila mtu yeyote kuja kuinua mifuniko ya mapipa yao, na niliwahi kulisema hilo mbele ya afisa kwa hasira. Hakukasirika. Alisema kwamba mtoto wa kuzaliwa ana bibi, shangazi, mjomba, jirani, watu kumi wa kuuliza analelewaje, lakini huyu hana mtu hata mmoja wa kumwulizia, kwa hiyo ameajiriwa yeye aulize. Jibu hilo sijalisahau, na ndilo lililoanza kunigeuza.

Septemba mwaka 2018, ombi letu likiwa limeshapelekwa mbele, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu mia mbili wakafa. Mji mzima uliomboleza. Watu waliotutakia mema walikuja kutuambia kwamba sasa watoto watapatikana, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilimpigia afisa simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanieleza kwamba mtoto aliyefiwa na wazazi hajafiwa na ukoo. Kwanza hutafutwa bibi, hutafutwa baba mdogo na mama mkubwa, nao husaidiwa wamlee, na kuasiliwa na watu wa nje ni njia ya mwisho kwa yule ambaye baada ya kutafutiwa sana hakupatikana wa kwake. Niliweka simu chini nikiwa na aibu. Nilikuwa nimejiona kama mtu anayesubiri mzigo wake bandarini, wakati visiwani kulikuwa na mabibi waliokuwa wakiwalilia wana wao huku wamewabeba wajukuu.

Kuhusu muda uliofuata sina mengi. Jalada letu lilipotea katika ofisi moja kwa miezi mitano, likapatikana chini ya majalada ya mwaka mwingine, na cheti cha daktari kilichokuwemo kikawa kimepitwa na wakati, ikabidi tukapimwe upya. Wanaoanza njia hii wawe na nakala ya kila ukurasa, na wawe na tabia ya kwenda kuuliza wenyewe, kila mwezi, kwa adabu.

Februari mwaka 2020 tuliitwa kumwona mtoto. Alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa, na makao ya watoto yalikuwa yamempokea kutoka polisi akiwa mchanga wa siku chache, baada ya wavuvi kumkuta asubuhi kando ya njia iendayo ziwani, amefunikwa kitenge. Polisi walitafuta, matangazo yalitolewa, hakuna aliyejitokeza. Jina alilopewa na muuguzi wa zamu siku ile analo hadi leo. Silitaji hapa kwa sababu ni lake.

Aliponiona tu alinikimbilia, akanikumbatia miguu, akaniita mama. Mume wangu alijifuta machozi. Mlezi wa makao akaniambia kwa sauti ya chini nisifurahi haraka, kwa kuwa anamwita mama kila mwanamke anayepita getini, na nikatazama nikaona ni kweli: aliniacha akamkimbilia aliyeleta mkaa. Kitu kingine nilikiona siku ya tatu ya kumtembelea. Alijikwaa kwenye ngazi ya saruji, goti likachunika, damu ikatoka, naye akanyanyuka, akalitazama goti lake, akaendelea kutembea. Hakulia wala hakumtazama mtu yeyote. Nilimsifu kwa ushujaa. Baadaye nilielewa kwamba mtoto hulia akitarajia kuna atakayekuja, na katika chumba chenye vitanda kumi na viwili na mlezi mmoja wa usiku, yeye alikuwa ameacha kutarajia kabla hajajua kuzungumza.

Tulipewa kwanza malezi ya kambo, ambayo ni kipindi cha kumlea mtoto nyumbani chini ya uangalizi wa ustawi kabla ya mahakama kuamua. Sipendi jina hilo, kwa kuwa masikioni mwa watu wengi kambo ni mama katili wa hadithi, na majirani walipolisikia walinitazama vibaya. Lakini kipindi chenyewe nakitetea. Ni hapo nilipojifunza kazi yote. Wiki za mwanzo alikula ugali hadi tumbo likakaza, na kila mara tonge moja alilifumbata mkononi akaondoka nalo. Nilikuta matonge makavu chini ya mto, ndani ya kiatu, nyuma ya redio. Mtu wa kumwadhibu angepata sababu. Afisa alinishauri niweke kisahani chenye kiazi au ndizi mahali anapofikia, kisikose kitu usiku wala mchana, na nisiseme neno. Ilichukua karibu miezi mitatu, kisha siku moja kiazi kililala kisahanini hadi kikanyauka.

Na usiku mmoja wa masika, mvua ikipiga bati, alilia. Ilikuwa sauti nisiyowahi kuisikia, ya mtoto anayedai, akiita mama mfululizo na kukasirika kwamba nimechelewa. Nilisimama gizani nikajigonga kwenye mlango. Nilipombeba alinipiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kila ngumi. Asubuhi yake, mwanamke mmoja aliyepita mlangoni kwetu alimsabahi binti yangu akamnyooshea mikono, naye akajificha nyuma ya kanga yangu. Nilikwenda kumwambia afisa habari hizo mbili kabla ya jambo lolote lingine, akaziandika.

Mtaani kulikuwa na neno "kuokota". Mtoto wa kuokota, walisema, na baadhi walisema bila ubaya, kama mtu anavyotaja kabila. Tuliamua na mume wangu kwamba hatutahama na hatutaficha, kwa sababu siri inayojulikana na mtaa mzima isipokuwa mwenyewe ni hatari kwake. Tangu akiwa na miaka mitatu tumemsimulia, kwa maneno ya umri wake, kwamba kuna mama aliyemzaa na hakuweza kumlea, kwamba alimfunika asipate baridi, na kwamba sisi tulimtafuta kwa muda mrefu. Kitenge kile makao walikuwa wamekitunza, nasi tunakitunza. Simjui mwanamke yule na sitamhukumu mbele ya mtoto wake.

Shauri letu lilisikilizwa mwaka 2021 na Mahakama Kuu hapa Mwanza, ofisini kwa jaji, bila watazamaji. Taarifa ya ustawi ilikuwepo mezani, nene, na nilipoona jaji anaifunua ukurasa baada ya ukurasa nilitambua mambo yetu yote humo: pipa la maji, uzio wa mwamba, zamu ya mchana, kisahani cha viazi. Zile karatasi nilizozichukia zilikuwa ndizo mashahidi wa mtoto. Jaji alituuliza kama tunaelewa kwamba amri hii haina muda wa kuisha, kwamba mtoto akiugua, akikaidi, akifeli, hatutakuwa na mahali pa kumrudisha. Mume wangu, ambaye huongea kidogo, alijibu kwamba hata yeye mwenyewe alifeli darasa la saba na mama yake hakuwa na pa kumrudisha. Amri ilitolewa. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ikamwingiza katika daftari la watoto walioasiliwa, na cheti kikatoka chenye jina lake na majina yetu.

Tulimpeleka Igoma Jumapili iliyofuata. Mama mkwe alikwisha kumzoea na alikuwa amembeba mgongoni mara nyingi, lakini siku ile alimweka chini na kusema hiyo karatasi iko wapi. Hajui kusoma. Alitaka asomewe yote, na tulipofika mahali panapoeleza kwamba mtoto atahesabiwa kuwa wa kuzaliwa ndani ya ndoa yetu, na kwamba haki na wajibu wa mzazi sasa ni wetu, aliinua mkono tusimame. Akaomba pasomwe tena. Mara ya tatu aliomba mume wangu atoke nje akasome kwa sauti barazani, ambako majirani walikuwa wamekaa, na mume wangu akatoka akasoma.

Shemeji alikuja kutoka Geita mwezi uliofuata, kumwona mtoto. Alimletea viatu vilivyomzidi namba mbili. Baada ya chakula aliiomba ile amri, akaisoma kimya akiwa amesimama karibu na dirisha, kisha akaniuliza, "Shemeji, na mtu wa umri wangu wanaweza kumwandikia hii?" Ilibidi nimwambie ukweli. Sheria ile ni ya mtoto, na mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Yeye alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia, akasema sawa.

Mama mkwe alikuwa jikoni na alisikia. Hakusema kitu siku ile. Wiki mbili baadaye alinipigia simu alfajiri kuniuliza wosia unaandikwa wapi, kwa sababu kiwanja cha Kisesa alikinunua mwenyewe kwa fedha ya pamba yake, si cha marehemu, na ukoo haukuwahi kukigawa. Tulimpeleka kwa wakili tukiwa na mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wakili alipomuuliza huyu anayeachiwa kiwanja ana uhusiano gani naye, alijibu, "Andika mwanangu," akasubiri hadi aliposikia kalamu imeanza kuandika, kisha akaweka dole gumba.